Kovu la sikio na kovu la kifua: kisa cha binti mmoja wa Wete

Alikuja kliniki ya ngozi, Unguja mjini, mtandio kaufunga mpaka chini ya kidevu, na kaskazi ilikuwa imekaza hata sisi wenyeji wa chumba kile tulikuwa tunajipepea kwa makaratasi. Aliyeanza kusema ni mama yake. "Dokta, tumetoka Wete kwa ajili ya hili. Harusi ni Mfunguo Mosi. Likatwe tu." Binti mwenyewe, miaka 23, mwanafunzi wa ualimu, alikaa kimya mpaka nilipomuuliza kama linamuwasha zaidi mchana au usiku. Akaniinulia macho. "Usiku. Silali."

Naandika kisa chake kwa ridhaa yake, na yanayoweza kumtambulisha nimeyatoa. Naandika kwa sababu karibu kila kosa linalotendwa juu ya keloidi, kovu linalokua kupita jeraha lake, katika visiwa vyetu lilimpitia yeye, na mawili katika hayo niliyafanya mimi.

Makovu yalikuwa mawili. La kwanza nyuma ya ukingo wa juu wa sikio la kushoto: pande gumu, linang'aa, ukubwa wa kungumanga, sentimita 2.5 kwa kipimo. La pili katikati ya kifua, limelala kwa upana, urefu sentimita 4, kimo milimita 6, na pembeni limetoa vidole viwili, kimoja kulia na kimoja kushoto. Vidole kama hivyo ndivyo vilivyomfanya Alibert, tabibu wa ngozi wa Ufaransa mwanzoni mwa karne ya 19, aliite kovu la aina hii kwa neno la Kigiriki lenye maana ya gando la kaa. Mtu wa pwani haelezwi gando ni nini.

Hapo ndipo unapoitenga keloidi na kovu jingine lolote lililotuna. Kovu la kawaida, hata likivimba, hubaki ndani ya mipaka ya jeraha lake, na baada ya miezi kadhaa huweza kushuka lenyewe. Keloidi huvuka mpaka na kuingia kwenye ngozi ambayo haikuguswa. Jeraha la binti huyu lilikuwa tundu la sindano. Kovu lake lilikuwa kungumanga.

Alitogwa masikio akiwa mchanga, kama wasichana wote wa kwao, na ndewe zake zote mbili ziko salama mpaka leo. Siku ile alikuwa na vipuli vidogo vya dhahabu. Akiwa na miaka 17 akaenda na wenzake dukani kutogwa tundu la pili, juu, penye gegedu, kwa bunduki ya kutogea. Miezi michache baadaye kikatoka kipele, kipele kikawa goroli, goroli likaendelea. La kifua lilianzia kwenye chunusi aliyoitumbua. Kifua, mabega, taya na masikio ndiko keloidi inakopenda kukaa; viganjani na kwenye kope za macho ni nadra kuiona. Nilipouliza ya ukoo, mama alisema baba wa binti analo begani, mahali pa chanjo ya kifua kikuu, ila halimsumbui. Shangazi mmoja alikuwa anashikilia kwamba ni kijicho cha harusini. Sikumbishia. Nilimwambia tu binti kwamba watu wa rangi yetu hupata makovu haya zaidi kuliko weupe, kwamba hata ndugu zetu wenye ualbino huyapata, na kwamba yanakwenda na damu ya ukoo. Alishusha pumzi. Muda wote huo alikuwa anadhani ni adhabu ya kutoboa sikio bila ruhusa.

Dawa alizopitia kabla ya kufika kwetu ni nyingi. Mafuta ya karafuu. Kitunguu saumu kilichopondwa, ambacho kiliunguza ngozi na kumwachia baka. Kombe, maji yaliyooshea aya zilizoandikwa, alikunywa, nalo halikumdhuru. Kilichomdhuru ni tyubu ya klobetasoli ya dukani, ile ile ambayo wengine huichanganya kwenye mkorogo wa kujichubua. Alipaka miezi sita. Klobetasoli ni steroidi kali, kwa hiyo wazo halikuwa la kijinga, lakini krimu haizami ndani ya pande la nyama lenye unene ule. Iliteremkia kwenye ngozi nzima ya pembeni, ikaipunguza unene mpaka vishipa vikaonekana, na kovu lenyewe halikushtuka.

Kisha ikaja leza. Alipelekwa Dar es Salaam kwa watu wa urembo waliomwambia kwamba kovu la kifua litaondoka kwa kikao kimoja. Wakaliunguza lote kwa leza ya kabonidioksidi mpaka likalingana na ngozi. Miezi mitatu kifua kikawa bapa na nyumbani wakashukuru. Mwezi wa nne kikaanza kuwasha. Mwezi wa saba kovu lilikuwa limerudi, pana kuliko mwanzo, na lile gando la pili ambalo halikuwepo.

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ombi la "likatwe tu" nalisikia kila wiki. Ngozi ikijeruhiwa, seli zake huanza kufuma nyuzi za kolajeni ili kuziba pengo. Kwa watu wengi pengo likishaziba kazi husita. Kwa mwenye keloidi ni kama msukaji wa ukili ambaye hajaambiwa kwamba mkeka umeshatosha: anaendelea kusuka, mwezi baada ya mwezi. Ukimkata mtu kama huyo keloidi na kumshona, umempa jeraha jipya, refu kuliko tundu la sindano lililoanzisha balaa. Ndiyo maana keloidi iliyokatwa bila tiba nyingine hurudi kwa kiasi cha asilimia 45 mpaka 100, kutegemea nani amehesabu na kwa muda gani. Leza ya kabonidioksidi inayounguza kovu zima ni kisu vilevile, kisu cha mwanga. Haimwambii msukaji asimame.

Steroidi ndiyo inayomwambia. Triamsinoloni, steroidi ya sindano, ikiingia ndani ya kovu lenyewe hupunguza uvimbe wa ndani kwa ndani, huzinyamazisha seli zinazofuma, na huachia kolajeni iliyokwisha kufumwa ivunjwe. Ni dawa ya zamani na kichupa chake si ghali. Ugumu wake ni kwamba inataka kurudiwa kila wiki 4 hadi 6, kwa miezi.

Mama alihesabu kwa vidole. Zilikuwa zimebaki wiki tisa. Nikamwambia ukweli: kabla ya harusi naweza kuahidi usingizi, umbo siwezi. Alikasirika, na sikumlaumu. Mtu hapandi boti kutoka Pemba kuja kuambiwa subiri. Binti ndiye aliyekata shauri. "Mama, nikilala inatosha. Mtandio ninao."

Tulipima sukari, shinikizo la damu na mimba kwanza, kwa sababu steroidi hupandisha sukari na huingilia homoni. Yote yalikuwa sawa.

Sindano ya keloidi inauma, na anayemwambia mgonjwa kwamba ni kama kuumwa na mbu anampoteza mgonjwa huyo. Nilitia ganzi kuzunguka kovu la sikio na barafu juu ya la kifua. Bomba liwe dogo, la mililita 1, lenye kufungwa kwa skurubu na sindano yake, maana kovu bichi lina ukaidi, na ukisukuma kwa nguvu bomba la kawaida hufumuka dawa ikakurukia usoni. Ncha ya sindano ikae katikati ya nyama ya kovu. Dawa ikiingia mahali pake utaona kovu linapauka na mkono unahisi kupingwa. Ikiingia kwa ulaini, simama: umepita chini, upo kwenye mafuta, na utaacha shimo badala ya kovu. Kikao cha kwanza nilitumia nguvu ya miligramu 40 kwa mililita, nusu mililita sikioni na mililita 0.4 kifuani. Jumla miligramu 36. Mimi sivuki 40 kwa kikao kimoja.

Kikao cha pili kiliangukia ndani ya Ramadhani. Alimuuliza ustadhi wake, akajibiwa kwamba sindano isiyokuwa lishe haimharibii saumu, lakini aliomba tumfanyie jioni ili maumivu yasimkute na njaa. Kuwasha kulikuwa kumeshapungua. Nilipomwambia anipe alama kutoka 0 mpaka 10, mwezi uliopita alitaja 8, safari hii 3. La sikio lilikuwa laini kama ndizi iliyoanza kuiva. Nikafurahi, na furaha ikanipeleka kwenye kosa la kwanza. Vile vidole viwili vya kifuani nilivifukuza mpaka mwisho kabisa, sindano ikatokeza nje ya kovu, dawa ikamwagika kwenye ngozi ambayo klobetasoli ilikwishaidhoofisha. Wiki tano baadaye kulikuwa na ukanda mweupe kuzunguka lile kovu, kama pwani inayobaki maji yakitoka. Weupe wa namna hii mara nyingi hurudi rangi ndani ya miezi, na wake ulirudi kwa sehemu kubwa. Lakini bibi harusi aliingia ukumbini na ukanda ule, na niliusababisha mimi.

Kosa la pili lilikuwa la ulimi. Baada ya sindano hizo alitokwa na damu siku tisa nje ya siku zake. Triamsinoloni inajulikana kuvuruga hedhi kwa muda, na nilijua, na sikumwambia. Kwetu hilo halikomei kwenye kitambaa na ndoo. Ni Ramadhani: anafunga au hafungi? Anaswali au haswali? Ni hedhi au istihadha, damu isiyo ya hedhi? Alikaa siku nne na wasiwasi, peke yake, akiona haya kumuuliza mtu, mpaka alipomwendea mwalimu wake wa kike wa madrasa, naye akamtaka alete maelezo ya daktari. Nikamwandikia: dawa gani, kiasi gani, lini, na kwamba inaweza kuleta damu isiyo ya desturi. Hukumu ya ibada walishughulikia wao wenyewe wanaoijua. Tangu siku hiyo sentensi hiyo naisema kwa kila mwanamke kabla sijafungua kichupa, na kama ninayo haya ya kuitamka mbele ya mama yake au kaka yake, basi niwaombe watoke.

Harusi ilifanyika. Baada yake nikampoteza.

Sikumpoteza kwa uzembe wake. Kusi ilianza, bahari ya Pemba ikachafuka, boti moja iliahirishwa, ya pili alitapika njia nzima akasema harudii. Nauli ya kwenda na kurudi, na mtu wa kumsindikiza, na mahali pa kulala, vilizidi mara kadhaa bei ya dawa yenyewe. Alikosa vikao vitatu. Aliporudi mwezi wa tisa, la kifua lilikuwa limeinuka tena mpaka nusu ya lilivyokuwa mwanzo, na kuwasha kumerudi. Alilia, akaniomba radhi, na mimi ndiye niliyepaswa kuomba. Nilikuwa nimempangia tiba ya miezi kumi na miwili kana kwamba anakaa Michenzani, hapa mjini.

Nilichofanya siku ile ndicho ninachokiona kikubwa kuliko leza na kisu katika kisa hiki chote. Nilimwandikia mwenzangu wa Chake Chake, afisa wa ngozi aliyesomea kile chuo cha ngozi cha kanda kilichopo hospitali ya KCMC, Moshi, ambacho tangu miaka ya 1990 kimekuwa kikiwafundisha matabibu wa kawaida kazi ya ngozi ili wilaya zisisubiri mabingwa. Barua ilikuwa ukurasa mmoja. Nguvu ya dawa, kiasi kwa kila kovu, picha ya kalamu inayoonesha sindano iingie wapi na isiguse wapi, tarehe sita, na neno la onyo kuhusu hedhi. Binti akawa anatoka Wete kwa gari ya asubuhi na kurudi adhuhuri. Hakukosa hata kikao kimoja.

Tulizungumza pia juu ya fluorourasili, dawa ya saratani ambayo kiasi kidogo chake huchanganywa na triamsinoloni kwa keloidi sugu, na huwapa wengi matokeo mazuri na weupe mdogo wa ngozi. Lakini haikaribii mimba, na yeye alikuwa na miezi mitano ya ndoa na alitaka mtoto. Tukaiacha. Naitrojeni ya kugandisha tuliiacha pia: seli za rangi hufa kwa baridi mapema kuliko seli nyingine, na kwa ngozi nyeusi baka jeupe linaweza kubaki moja kwa moja. Huyu tayari nilikuwa nimempaka weupe mara moja.

Mwezi wa kwanza wa mwaka uliofuata la sikio lilikuwa limefika ukubwa wa punje ya mahindi iliyovimba, limelegea, limetulia. Hapo ndipo kisu kilipopata haki yake. Mpasuaji hakulikata lote. Aliichuna ngozi ya juu, akatoa kiini, akairudishia ile ile ngozi bila kuivuta, maana mvuto kwenye mshono ni mwaliko wa keloidi nyingine. Triamsinoloni iliingia kwenye kingo za jeraha siku ile ile, tena kila mwezi kwa miezi minne. Na kuanzia nyuzi zilipotolewa akavaa kipuli cha kubana, kisichohitaji tundu, chenye vipande vya silikoni pande zote mbili, saa 12 na zaidi kwa siku, miezi sita. Mbano unatakiwa uishinde nguvu ya damu ndani ya vishipa vidogo, kiasi cha milimita 24 za zebaki, lakini usizidi mno ukafanya kidonda. Kanuni ya nyumbani ilikuwa: ukibana na sikio likabaki jeupe au likauma, legeza. Chini ya mtandio hakuna aliyejua. Nimewaona wanaume wakiacha kipuli hicho wiki ya kwanza kwa aibu. Yeye alikuwa na stara yake tayari.

La kifua hatukulikata. Kifua kinavutwa kila mtu anapopumua na kila anapoinua mkono, na kisu pale ni bahati nasibu. Sindano ziliteremsha kimo kutoka milimita 6 mpaka 2, kisha zikagoma. Likabaki gumu, na lile gando la kulia linawasha. Hapo nikataja leza, na uso wake ukafunga.

Nilimchorea. Leza si kitu kimoja. Ipo yenye urefu wa mawimbi wa nanomita 585 au 595, ambayo hufyonzwa na hemoglobini, wekundu wa damu, na kuviziba vishipa vinavyolilisha kovu; inafaa zaidi kwa weupe, kwa sababu kwetu melanini, rangi ya ngozi, huuwahi mwanga kabla haujaifikia damu, na ngozi inaweza kuungua. Ipo ya 1064, inayopita kwenye melanini kwa amani zaidi na kwenda chini. Na ipo ya kabonidioksidi, 10,600, inayofyonzwa na maji ya mwilini. Hiyo ya mwisho ndiyo iliyomuumiza, na ndiyo niliyokuwa namtumia tena, lakini kwa mpango mwingine: badala ya kuunguza uso mzima wa kovu, mwanga unagawanywa ukatoboa vitundu vidogo visivyoonekana kwa macho, ngozi nzima ikibaki katikati yao ili ipone haraka. Kisha, vitundu vikiwa wazi, triamsinoloni inadondoshewa juu na inazama yenyewe, hata mahali ambapo sindano iligoma. "Kwa hiyo mashine ni ile ile," akasema. Ni ile ile. Nani anaiongoza, na nini kinafuata baada yake, ndiyo tofauti.

Alifanyiwa Dar es Salaam, vikao vitatu, wiki sita kati ya kimoja na kingine, vitundu vichache kwa kila eneo kwa sababu ya rangi yake. Baada ya kikao cha kwanza kovu liliwiva jeusi na akaogopa. Weusi huo ulichukua miezi minne kufifia. Baada ya cha tatu lile gando lilikuwa laini na kuwasha kumeshuka mpaka 1. Kimo kikawa chini ya milimita 1. Naamini leza ilisaidia. Naamini pia kwamba bila zile sindano za Chake Chake isingekuwa na kitu cha kusaidia.

Vipande vya silikoni vya kifuani vilikuwa hadithi yake. Wakati wa kaskazi vilidondoka kwa jasho kabla ya saa sita na chini yake vikazuka vipele vya joto. Tukagawa mwaka: jeli ya silikoni miezi ya joto, vipande miezi ya kusi, usiku tu.

Nilimwona mara ya mwisho miaka miwili na ushei tangu siku ile ya kwanza. Mtandio ulikuwa umefungwa kwa nyuma, sikio la kushoto nje. Mshono wake ni mstari mwembamba. Kifuani pamebaki baka la kahawia lililolala, na kwenye ncha ya lile gando la kulia pamerudi kitu cha ukubwa wa kichwa cha pini kinachowasha jioni. Siku nyingine ningekidunga hapo hapo. Lakini ana mimba ya miezi mitano, na keloidi nyingi huchangamka wakati wa mimba. Tumekubaliana silikoni peke yake mpaka ajifungue, na mwenzangu wa Pemba akipime kila wiki sita.

Alikuwa na swali moja. Wameambiwa ni mtoto wa kike, na mamamkwe ameshanunua vipuli. Nikamsimulia utafiti mdogo wa Marekani uliochapishwa 2005, kwa watu waliokuwa na keloidi za kutogwa masikio: waliotogwa mara ya kwanza wakiwa na miaka 11 au zaidi, asilimia 80 walipata keloidi kwa tundu hilo la kwanza, waliotogwa kabla ya hapo, asilimia 23.5. Kama ni lazima, basi uchangani, ndewe tu, kamwe si gegedu, kwa mkono safi. Na kama si lazima, mtoto wa mama mwenye damu hii akae bila tundu. Aliinua mkono akaishika ndewe yake, ile ya tangu utotoni isiyowahi kumsumbua, akasema atazungumza na mumewe kwanza, kisha ndiyo amwendee mamamkwe.